Kipimo na Fundi

Kazi nyingi za mikono huonekana. Seremala akipiga randa vibaya, jicho la mnunuzi huuona ubao ulivyopinda. Mshonaji akikosea kukata, nguo humwaibisha mbele ya mvaaji. Mwashi akijenga bila timazi, mpita njia hujua. Kazi ya fundi wa redio na televisheni si hivyo. Mwenye chombo hukileta kikiwa kimya, hukichukua kikiwa kinasema, na yaliyotokea kati ya kimya na sauti hayajui. Huambiwa kuwa kitu fulani kimekufa, huonyeshwa kipande cheusi chenye miguu mitatu, ukubwa wake kiasi cha ukucha wa kidole gumba, naye hulipa. Kama kweli kilikufa, na kama kilichowekwa mahali pake ni kizima, ni mambo ayajuayo fundi peke yake. Kwa hiyo kazi hii imejengwa juu ya imani, na imani isiyo na kipimo ni nyumba isiyo na msingi.

Watu wa Nachingwea na Ruangwa hawahitaji kufundishwa thamani ya kipimo. Wilaya hizi mbili za mkoa wa Lindi, pamoja na Liwale, zina chama kikuu kimoja cha ushirika, RUNALI, ambacho jina lake limeundwa kwa silabi za mwanzo za majina yao matatu. Msimu wa korosho unapofika, mkulima hupeleka magunia yake ghalani, na huko korosho hazipimwi uzito tu. Chache huchukuliwa kuwa sampuli, hupasuliwa, na kiini chake hutazamwa, maana ganda zuri laweza kuficha kiini kibovu. Mtu ambaye jasho lake la mwaka mzima limehukumiwa na mizani na kisu anajua kuwa kipimo cha haki ni rafiki, na kipimo cha hila ni mwizi asiyevunja mlango.

Nchi hiyo ina kumbukumbu nyingine ya kipimo, nayo ni chungu. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulitumwa na serikali ya Uingereza kutazama kama karanga zingeweza kulimwa Afrika ya Mashariki kwa wingi wa kuondoa upungufu wa mafuta ya kula Uingereza baada ya vita. Ujumbe ulimaliza kazi yake kwa muda wa wiki tisa, na sehemu kubwa ya ardhi uliitazama kwa ndege. Mwaka 1947 pori likaanza kufyekwa Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Reli ikajengwa kusini ili karanga za Nachingwea zifike baharini. Bandari ya Mtwara ikachimbuliwa. Walakini udongo na mvua havikupimwa kabla ya fedha kutumika; vilipimwa na hasara yenyewe. Mwezi Januari 1951 mpango ulitangazwa kuwa umekwisha, baada ya kupoteza kiasi cha pauni milioni 36. Reli ile ilikosa mzigo, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Katika mwaka ule ule wa 1947, mwezi Desemba, mbali na pori la Nachingwea na bila ya kelele za matrekta, John Bardeen na Walter Brattain walifanikiwa katika maabara ya Bell, New Jersey, kukuza mkondo mdogo wa umeme kwa kipande cha jermani. Kitu hicho kiliitwa transista. Pamoja na William Shockley, walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1956. Kazi mbili zilizaliwa pamoja: moja ilikuwa kubwa hata ikaonekana kutoka angani, nyingine ilikuwa ndogo hata ikafichika chini ya kidole. Ile kubwa imebaki katika vitabu vya hasara; ile ndogo imo leo katika kila nyumba ya Nachingwea yenye simu, redio au taa ya jua. Ukubwa si dalili ya kudumu. Udogo nao si dalili ya kutokuwa na neno.

Mahali ambapo transista hufa zaidi ni katika pawa saplai, yaani sehemu ya chombo inayoupokea umeme wa ukutani na kuugeuza uwe chakula kinachofaa kwa viungo vingine. Umeme wa Tanzania ni volti 230, nao hubadili mwelekeo, ukikamilisha mizunguko 50 kwa kila sekunde. Hizo 230 ni kadiri tu. Kilele cha wimbi lake hufika kiasi cha volti 325. Dayodi nne huunyoosha, kapasita kubwa huuweka akiba, kisha transista husimama kama bawabu mlangoni: hufungua na kufunga mara makumi ya maelfu kwa kila sekunde, ili umeme uingie katika transfoma kwa vipande vidogo na kutoka upande wa pili ukiwa mpole. Hapana bawabu wa binadamu awezaye kazi hiyo kwa dakika moja. Transista huifanya kwa miaka, bila ya mshahara wala shukrani, na siku ikifa ndiyo siku mwenye chombo anapopata habari kuwa ilikuwako.

Sababu za kufa kwake si haba. Umeme unaosafiri kwa nyaya ndefu juu ya mikorosho na mashamba ya ufuta huathiriwa na miti, upepo na radi, na masika ya kusini si maskini wa radi. Umeme hukatika, na unaporudi, aghalabu hurudi na kishindo. Vumbi jekundu huingia katika matundu ya kupozea. Mjusi hutafuta joto ndani ya televisheni, akagusa asipopaswa kugusa, akafa yeye na kuua. Kapasita huzeeka kwa joto. Bawabu aliye mlangoni hupokea pigo la kila adui, wa nje na wa ndani.

Silaha ya fundi ni mita. Mwaka 1923 Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza, alichoshwa na kubeba vipimo vingi kwa kazi moja, akaunganisha katika kisanduku kimoja kipimo cha mkondo, cha volti na cha ukinzani. Mita za leo zinazouzwa sokoni, zenye tarakimu badala ya mshale, ni wajukuu wa kisanduku hicho. Nyaya zake ni mbili, nyekundu na nyeusi, na kazi yake ni kuuliza. Lakini kuuliza ni elimu. Asiyejua kuuliza hupata jibu la kweli, akaondoka na uongo.

Sharti la kwanza la kuuliza ni kuondoa hatari. Kapasita ya pawa saplai yaweza kuweka mamia ya volti hata baada ya chombo kuchomolewa ukutani, na volti hizo haziulizi kama aliyezigusa ni fundi au mwanafunzi. Basi kwanza hupimwa, kisha humalizwa taratibu kwa kupitishwa katika rezista au taa, kisha hupimwa tena. Sharti la pili ni kumtenga shahidi. Transista iliyo katika bodi imeshikana na koili, rezista na dayodi, na mita ikiwekwa hapo husikia sauti za wote kwa pamoja. Jirani aweza kujibu kwa niaba yake. Huyeyushwa risasi, ikatolewa, ikaulizwa peke yake. Sharti la tatu ni kuuliza kwa pande mbili. Kwa transista ya kawaida ya aina ya NPN, waya mwekundu huwekwa katika besi na mweusi katika emita, kisha katika kolekta; mita iliyowekwa katika alama ya dayodi yapasa kuonyesha kiasi cha nusu volti mpaka sehemu saba za kumi. Nyaya zikibadilishwa, isionyeshe njia. Kati ya kolekta na emita isionyeshe njia kwa upande wowote. Mita ikilia na kuonyesha sifuri huku na huku, bawabu amekufa na mlango umebaki wazi.

Hapo wapo waliopotea. Katika mita ya mshale, inapopima ukinzani, betri ya ndani kwa kawaida hutoa chanya kwa waya mweusi. Katika mita ya tarakimu chanya hutoka kwa waya mwekundu. Mwanafunzi aliyejifunza kwa moja, akaazima nyingine, huona kila NPN kuwa PNP. Tena iko transista ya aina ya mosfeti, ambayo ndiyo hutumika sana katika pawa saplai za siku hizi. Geti lake haligusani na mguu mwingine wowote; kati ya dreni na sosi ipo dayodi ya asili inayopitisha upande mmoja tu. Walakini mita ikiligusa geti kwa chanya yaweza kuliachia chaji kidogo, nayo mosfeti ikafunguka na kubaki wazi. Ikipimwa tena huonekana imepiga shoti. Asiyejua huitupa. Ajuaye huigusanisha miguu mitatu kwa pamoja, chaji ikatoka, akapima upya, na maiti akafufuka. Ni wazima wangapi waliokwisha tupwa katika debe kwa sababu aliyewahukumu aliwauliza mara moja tu!

Palikuwa na fundi mmoja mjini Nachingwea, mtu wa makamo aliyepita, ambaye meza yake ilikuwa chini ya baraza na mwanafunzi wake kando yake. Siku moja alifikiwa na mwanamke kutoka Ruangwa, mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira. Tangu Namungo ya Ruangwa ilipopanda ligi kuu mwaka 2019, kibanda kama hicho si mchezo. Ni shamba lisilongoja mvua. Televisheni yake ilikuwa imezimika mara ya tatu. Mara mbili alikwisha lipa, kwa mafundi wawili mbalimbali, na mara mbili ilikaa siku chache ikafa tena.

“Shikamoo baba,” alisema, akiteremsha mzigo wake uliofungwa kwa kanga.

“Marahaba, mwanangu. Habari za Ruangwa?”

“Njema, ila hiki chombo. Kila anayekifungua aniambia transista imekufa. Nami nimeshindwa kujua kama ni transista inayokufa au ni fedha yangu.”

Mwanafunzi alicheka, fundi hakucheka. Aliona kuwa neno lile lilikuwa la mtu aliyepimwa kwa mizani ya hila, ama aliyedhani kuwa amepimwa hivyo. Alifungua chombo, akamaliza kapasita, akaitoa mosfeti na kuipima mbele ya macho yake. Mita ililia. Akageuza nyaya, ikalia tena.

“Imekufa, mzee,” alisema mwanafunzi. “Ninayo nyingine hapa. Niitie?”

“Mwenzako wa kwanza aliitia,” alijibu fundi, “na wa pili akaitia. Wote walisema kweli, na wote hawakusaidia kitu. Ukikuta mtu amelala njiani ana jeraha, utamzika uweke mwingine mahali pale pale, au utatazama kwanza ni nani aliyempiga?”

Kisha alianza kutafuta. Transfoma ina tabia kama ya maji yanayokwenda kasi katika bomba: yakifungwa ghafla hupiga. Kila mara mosfeti inapofunga mlango, koili hutupa pigo la volti juu ya zile 325 zilizokwishakuwako. Watengenezaji huweka hapo dayodi moja, kapasita ndogo na rezista, ambazo kazi yake ni kulipokea pigo hilo na kuligeuza kuwa joto, ili mosfeti isizidiwe. Fundi alinyanyua mguu mmoja wa dayodi ile kutoka katika bodi, akaipima. Haikuonyesha njia huku, haikuonyesha njia huko. Kwa macho ilikuwa nzima, nyeusi, yenye mstari wake mweupe kama siku iliyotoka kiwandani. Kwa kazi ilikuwa imekatika. Tangu siku ilipokatika, kila mosfeti iliyowekwa ilisimama mbele ya pigo bila ya ngao. Mafundi wawili waliotangulia walibadilisha aliyeuawa, wakamwacha mlango wazi muuaji.

Dayodi ikabadilishwa, mosfeti ikabadilishwa, fyuzi ikabadilishwa. Chombo hakikuchomekwa moja kwa moja ukutani. Kilipitishiwa umeme katika taa ya kizamani ya wati 100 iliyofungwa kwa mfululizo. Kama shoti ingekuwa imebaki, taa ingewaka kwa nguvu zake zote na kuumeza umeme uliokuja kuua. Taa ilimulika mara moja, kapasita ilipokuwa ikijaa, kisha ikafifia, na kijitaa chekundu cha televisheni kikafumbua jicho. Baadaye taa iliondolewa, na chombo kikaachwa kikifanya kazi mchana kutwa.

Mwanamke alitaka kulipa na kuondoka kabla ya basi. Fundi akamzuia kwa maneno ambayo mfanyabiashara mwepesi asingeyasema.

“Mwanangu, ngoja jioni. Mita yangu imesema transista hii ni nzima. Lakini mita huuliza kwa volti mbili au tatu, na kazi yake ni ya mamia ya volti, tena katika joto. Ni kama kumpima mchukuzi wa gunia kwa kumpa kikapu. Na zipo transista za bandia madukani, zilizoandikwa namba za wenzao wakubwa. Mbele ya mita hii, bandia na halisi hujibu sawasawa. Nimeinunua kwa mtu ninayemwamini, lakini sikumwona aliyeitengeneza.”

“Sasa baba, nitajuaje?”

“Utajua kwa muda, si kwa mita. Ikipita leo na joto lake, tumaini ni kubwa. Ikifa kabla ya mwezi, irudishe. Transista itakuwa juu yangu, dayodi nimekwisha iona.”

Kisha alichukua karatasi, akaandika mistari mitatu: kilichokufa, kilichokiua, na ambacho mita haikuweza kukipima. Mwanamke aliisoma, akauliza maana ya mstari wa tatu, akaelezwa tena, akaikunja na kuifunga katika pindo la kanga pamoja na nauli yake. Akaketi barazani kungoja jioni, akiitazama televisheni yake ikiwaka. Labda ilikuwa mara ya kwanza, katika safari zake tatu za mafundi, kuuziwa pamoja na kazi habari ya upungufu wa kazi.

Mwanafunzi hakupendezwa na mstari ule. Wageni walipoondoka alinong’ona kuwa mteja akiambiwa shaka hukimbilia kwa asiye na shaka. Hoja yake si ya kudharauliwa, maana soko humpenda asemaye kwa sauti kubwa; hata mpango wa karanga ulipata fedha kwa sababu waliouombea walisema kwa yakini. Fundi alijibu kwa kufupisha: “Nisipomwambia mimi, ataambiwa na chombo, usiku, watu wamekwisha lipa kiingilio.”

Katika jibu hilo yamo yote yanayopasa kujulikana juu ya kipimo. Kila kipimo ni swali, na kila jibu ni kweli kwa swali lake tu. Mita iliyosema kuwa transista imekufa haikusema aliyeiua. Iliyosema kuwa ni nzima haikusema itaishi. Anayelichukua jibu la swali dogo akalivika nguo ya swali kubwa hajasema uongo wa maneno, lakini amewaongopea watu kwa kipimo. Ndivyo walivyofanya waliotazama pori kutoka ndegeni wakatoa hesabu ya mavuno. Ndivyo afanyavyo mwalimu anayempima mtoto kwa saa mbili za mtihani kisha akatabiri miaka yake arobaini. Ndivyo afanyavyo msomi anayepata neno moja katika kijiji kimoja akaandika kuwa ndivyo wasemavyo Waswahili wote.

Elimu haidai kuwa na mita inayopima kila kitu. Inadai kwamba mpimaji aondoe hatari kabla ya kugusa, amtenge shahidi na kelele za majirani, aulize kwa pande mbili, amtafute muuaji badala ya kumzika maiti tu, na mwisho wa karatasi yake auandike mstari wa tatu bila ya kuona haya. Mistari miwili ya kwanza humpa fundi ujira wake. Wa tatu humpa mwenye chombo nafasi ya kujua ni kiasi gani cha fedha yake kimenunua yakini, na ni kiasi gani kimenunua tumaini.